Nikicheka Kwenye Maombi, Imani Yangu Imeisha?

Shikamooni,

Nina miaka 25, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mwaka huu nimepata kazi yangu ya kwanza ya kueleweka, mkataba umeandikwa 600,000 kwa mwezi. Nikahama kwa dada, nikapanga chumba cha 80,000. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja juu yake. Nyumba ina vyumba vitano na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla.

Tangu hapo maisha yangu ni vituko mfululizo. Mshahara wa kwanza uliingia 426,000, nikadhani mhasibu kakosea. Umeme ukiisha usiku, vyumba vyote vitano vinakuwa kimya, kila mpangaji anajifanya kalala ili mwenzake anunue. Kadi za michango ya harusi nimepokea nne ndani ya mwezi mmoja, mbili ni za watu ambao sina hata namba zao. Nikichelewa mazoezi ya kwaya, saa 4 usiku nakuta geti limefungwa, nagonga weee, na wenye ufunguo wako ndani wanaangalia tamthilia. Nisipocheka nitalia, basi nacheka.

Shida imeanzia kwenye jumuiya. Mimi ni Mlutheri, na jumuiya yetu ya ibada za nyumbani hukutana Jumatano jioni. Juzi tulikuwa kwa mzee mmoja, tumekaa uani. Mama mwenyekiti alipofika kwenye kuombea mahitaji akanitaja kwa jina, akataja na umri wangu, akamwomba Mungu anipe mume, "asiwe mlevi, Baba, wala asiwe mfupi sana." Hapo hapo jogoo aliyekuwa juu ya tenki la maji akawika. Nilicheka kwa sauti. Rafiki yangu aliyekuwa pembeni naye akacheka. Mama akanyamaza kidogo, akamalizia haraka haraka, Amina. Tangu siku hiyo nikimwamkia ananiitikia kwa mkato.

Rafiki mwingine ameniambia mtu akifikia hatua ya kucheka mbele za Mungu, ujue Roho ameshamwacha. Hilo limenikaa moyoni, kwa sababu siombi tena kama nilivyoomba nikiwa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, sekondari. Wakati ule nililia, nilifunga, nilikesha. Sasa hivi nikipiga magoti kitandani nakumbuka vituko vya siku nzima, nacheka, halafu napitiwa na usingizi.

Naomba mnisaidie. Je, ninatenda dhambi? Nimrudieje yule mama? Niombeje? Watu wakiniuliza "unaolewa lini" nijibu nini bila kuonekana nina kiburi? Na fungu la kumi nitoe la 600,000 au la 426,000?

Mcheshi asiyetaka kukosea, Tabata

*

Marahaba, binti yetu, na hongera ya kazi.

Kucheka si dhambi, na Roho hajakuacha. Maandiko yapo, tutayafikia. Lakini kabla ya Maandiko nenda kwa mama mwenyekiti, maana kila siku inayopita inamzidishia kuamini kwamba ulimdharau.

Fahamu kilichomuuma. Angekuwa anasimulia, jogoo lile lingemchekesha na yeye. Lakini alikuwa amefumba macho, anakubebea mbele za Mungu jambo ambalo kwa watu wa rika lake ni zito kweli, na kicheko kikamkuta katikati ya sentensi, mbele ya majirani. Mtu anayeomba kwa sauti amejiacha wazi, hana ngao. Ndiyo maana kicheko kilekile kingepita bure kwenye chai, lakini kwenye sala kikachoma.

Nenda nyumbani kwake kabla ya Jumatano ijayo, kuanzia saa 11 jioni, muda ambao mtu ametulia na jiko halijapamba moto. Usitume ujumbe wa simu. Ujumbe hauna sauti wala uso, na ukionyeshwa kwa watu wengine utasomwa kila mtu kwa namna yake. Nenda peke yako. Ukiongozana na yule mliyecheka naye, mtatazamana tu na yote yataharibika. Beba kilo ya sukari au mkate, mkabidhi unapoingia kama mgeni yeyote, usiitaje tena. Mwamkie, kaa ukikaribishwa, ulizia hali ya nyumbani. Kisha sema hivi au karibu na hivi: "Mama, juzi nilicheka wakati unaniombea. Nimekukosea, naomba unisamehe." Ishia hapo. Watu wengi huharibu katika sentensi ya pili, ile inayoanza na "lakini", wakaanza kuelezea jogoo, tenki na rafiki. Ukielezea kilichokuchekesha, unamrudishia aibu yake mkononi. Akilitaja jogoo mwenyewe na akacheka, cheka naye, shauri limekwisha.

Akishakusamehe, mpe tena kazi aliyokuwa anaifanya: "Mama, naomba uniombee pia, kazini bado ni mgeni." Utakuwa umemwonyesha kwamba maombi yake una haja nayo, na hilo linaponya kuliko maneno mengi.

Ni kweli, mama naye hakutenda vema kutangaza umri wako uani. Una haki ya kumwambia, ila si siku hiyo. Ukichanganya msamaha na malalamiko, msamaha unageuka kesi. Acha zipite wiki tatu nne, mkiwa wawili mwambie, "Mama, ukiniombea mbele za watu, umri wangu uache kwa Mungu, anaujua." Wazee wengi huambilika wakiambiwa faraghani na kwa heshima.

Sasa Maandiko. Aliyekuambia kwamba anayecheka ameachwa na Roho hajasoma Mwanzo 17 na 18 kwa utulivu. Ibrahimu alianguka kifudifudi akacheka alipoambiwa atapata mtoto akiwa na miaka mia, wala hakukemewa. Sara akacheka moyoni nyuma ya mlango wa hema. Alipoulizwa akakana, kwa hofu, na akajibiwa kwamba amecheka. Hakuna adhabu iliyofuata. Ahadi haikuondolewa, mtoto alizaliwa kwa wakati wake, na katika Mwanzo 21:6 Sara huyohuyo anasema, "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami." Angalia tofauti ya vicheko hivi viwili. Cha kwanza ni cha mtu aliyechoka kusubiri, anakificha. Cha pili anakitangaza na kuwakaribisha wengine. Mungu hakumtaka Sara aache kucheka. Alimtaka asifiche.

Soma na Matendo 12, kwa sababu ya geti lako. Petro ametolewa gerezani na malaika, anafika kwenye nyumba ambamo watu wamekusanyika usiku wanamwombea. Anagonga lango. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau kufungua, anakimbilia ndani kutoa habari. Wanaomba Petro afunguliwe, na walipoambiwa yuko mlangoni wakamwambia Roda ana wazimu! Petro anaendelea kugonga. Luka aliyeandika hakuona aibu kuiweka habari hiyo kwenye Maandiko Matakatifu, na hakusema maombi ya wale watu yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli, na walikuwa wa kuchekesha, vyote kwa pamoja. Ukisimama getini saa 4 usiku, hiyo ndiyo sura ya kukumbuka. Na asubuhi yake mwambie mwenye nyumba siku za mazoezi, umwombe ufunguo wa akiba au namba ya simu ya chumba cha jirani na geti. Funguo ya kuchonga ni jambo dogo, wapangaji wengi husota miezi kwa kuogopa kuiomba.

Kuhusu kupitiwa na usingizi: kijana Eutiko, Matendo 20, alisinzia dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo akashuka, akamkumbatia, kijana akarudishwa mzima, na ibada ikaendelea hadi alfajiri. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alihojiwa kiwango chake cha imani. Sekondari ulikuwa na kengele ya maombi, rafiki wa kukesha naye, na chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Sasa unaamka alfajiri, unagombea daladala, unarudi umechoka. Kulinganisha sala za leo na za UKWATA ni kujionea. Mwili umebadilishiwa ratiba. Sala nayo ibadilishiwe.

Tunakupa utaratibu. Ulipojiandaa kwa kipaimara ulifundishwa Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, na ndani yake mna sala ya jioni. Angalia alivyoipanga: ishara ya msalaba, Kanuni ya Imani, Baba Yetu, sala fupi ya kushukuru na kuomba ulinzi, halafu anaagiza ulale mara moja, kwa moyo wa furaha. Hiyo ni ibada ya dakika tano, na mwisho wake ni furaha na usingizi. Kumbe unachokiita kushindwa kiko karibu na ulichoagizwa. Kilichokosekana ni vitu vya katikati.

Fanya hivi. Usiombee kitandani, kaa kwenye kiti au ndoo iliyofunikwa, taa ikiwa inawaka. Iwe kabla ya kuoga au mara tu baada ya kula, usingoje mpaka macho yawe mazito. Chukua daftari la kawaida la kurasa 40 au 80. Andika kituko kimoja tu cha siku hiyo, mistari miwili, pamoja na nani alikuwepo. Kisha jiulize mambo matatu juu ya kituko hicho: nilimcheka nani, nilikuwa naogopa nini, na ni nini cha kushukuru ndani yake. Mfano wa umeme: nilimcheka jirani wa chumba cha tatu aliyekuwa anakoroma kwa kuigiza, nilikuwa naogopa kwamba 5,000 yangu ya mwisho ndiyo itanunua, nashukuru kwamba nina majirani wa ukuta kwa ukuta. Mwambie Mungu mambo hayo matatu kwa maneno yaleyale, usiyapambe. Ukicheka hapo, umechekea mahali pake. Malizia na Baba Yetu, zima taa.

Utaratibu huu una mahali unapoharibika. Daftari linaweza kugeuka orodha ya makosa ya watu. Ukiona kurasa tatu mfululizo jina ni lilelile, huyo si kituko tena, ni kinyongo, na unatakiwa kwenda kuzungumza naye. Pili, usihamishie kituko kwenye status ya simu. Jirani akijisoma huko, hata bila jina lake, atajijua. Mithali 26:18-19 inamfananisha anayemwumiza mwenzake kisha akasema "nilikuwa natania" na mwendawazimu anayerusha mienge na mishale. Tatu, usitafute kituko kwa nguvu siku ambayo hakipo. Siku ya msiba au ya kufokewa kazini, andika hilo hilo lililotokea.

Na kuna jambo umelisema kwa kupita: "nisipocheka nitalia." Lipime. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali vizuri, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda kama kwaya havina ladha, au unacheka mbele za watu na kulia ukifunga mlango, hapo usitibu kwa daftari. Nenda hospitali, mweleze daktari dalili hizo kama ambavyo ungeeleza homa, na umwambie mchungaji wako pia. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili, nenda siku hiyohiyo na mtu unayemwamini.

Kicheko kikikubana tena kwenye jumuiya au kwaya, ujue kinalishwa na macho ya mwenzako. Kwa hiyo usikae jirani na yule rafiki wakati wa maombi, kaa upande wa pili na karibu na njia ya kutokea. Kikianza, toa pumzi yote nje kwa mdomo polepole, kisha vuta kwa pua. Inamisha kichwa, weka leso mdomoni. Kikizidi, toka taratibu kama anayekwenda kukohoa, rudi baada ya Amina. Hakuna atakayekuuliza.

Tuje kwenye vituko vyenyewe, maana vingine vina fundi wake. Uchunguze mshahara kwanza. Mhasibu hajakosea. Kwa 600,000, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hukata asilimia 10, yaani 60,000, na mwajiri huongeza nyingine kama hiyo kwenye akaunti yako. Zinabaki 540,000 za kutozwa kodi, ile PAYE: 270,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000, 20,000 iliyobaki juu hutozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi jumla 24,000. Hukulitaja, lakini hesabu inaonyesha ulisoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 90,000. Jumlisha makato, 174,000. Imebaki 426,000 kamili. Omba hati ya mshahara kila mwezi uifungie faili, omba na taarifa ya deni lako kutoka Bodi walau mara moja kwa mwaka, ujue limebaki kiasi gani na ulinganishe na kilichokatwa. Deni likiisha, fuatilia makato yasimame. Usidhani yatasimama yenyewe.

Tumeliandika hili kwa kirefu kwa makusudi. Vituko vingi vya umri wako vinachekesha kwa hofu, kwa sababu hesabu yake haijulikani. Mtu akishaijua hesabu, kicheko kinabaki lakini hofu inaondoka, na sala inapata la kusema zaidi ya "Bwana nisaidie."

LUKU vilevile. Kuna sababu mbili zinazowafanya vyumba vitano vilale usingizi wa ghafla. Ya kwanza ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na makato hufanyika kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Atakayetangulia kununua anapata yuniti chache kwa pesa ileile. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua kwanza atunze ujumbe wa malipo, na wapangaji wote kwa pamoja mkubaliane na mwenye nyumba iondolewe kwenye kodi ya chumba. Mkienda watano kwa adabu inasikika kuliko mmoja akilalamika mlangoni.

Sababu ya pili ni mchango sawa kwa matumizi yasiyo sawa. Kaeni Jumapili jioni uani, nusu saa inatosha. Kila mtu ataje vifaa vyake. Wati zimeandikwa chini au nyuma ya kifaa. Zidisha kwa saa za kutumia, gawa kwa 1,000, unapata yuniti. Pasi ya wati 1,000 saa nzima ni yuniti 1. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, wati 1,500 kwa dakika 20, ni nusu yuniti kila anayeoga maji ya moto. Feni ya wati 50 usiku wa saa 8 ni yuniti 0.4. Taa ya wati 9 ikiwaka saa 10 haifiki 0.1. Hapo mtaona kwamba wa taa na simu amekuwa akimlipia mwenye friji na hita. Wekeni kiwango cha chini kwa wote, kisha kila kifaa kikubwa kiwe na nyongeza yake. Mweka hazina abadilike kila mwezi, na mnunue mita ikionyesha yuniti 10, msingoje giza. Tarakimu 20 za umeme mlionunua zinaingizwa vizuri saa 1 jioni kuliko saa 8 usiku kwa tochi ya simu, mmoja anasoma nne nne na mwingine anabonyeza, na wa tatu anakohoa katikati. Bandikeni makubaliano ukutani pembeni ya mita.

Michango ya harusi haihitaji maneno mengi. Tenga kiasi kimoja kwa mwezi, kwa mshahara wako 25,000 inatosha, kikiisha kimeisha. Kiwango kilichoandikwa kwenye kadi, cha mtu mmoja au wawili, ni cha kuingilia ukumbini. Hakuna anayekulazimisha kuingia. Kwa usiowajua jibu siku ileile: "Hongereni sana. Kwa sasa sina nafasi ya kuchangia, nawaombea." Kwa wa karibu, taja kiasi na tarehe: "Nitachangia 15,000 tarehe 28." Usiahidi kwenye kundi la WhatsApp kwa kufuata mkumbo wa waliokutangulia. Ahadi ni deni, na mweka hazina wa kamati atakukumbusha mpaka uanze kumkwepa kanisani.

"Unaolewa lini" inajibiwa kwa kumwangalia anayeuliza. Sisi tuna utani, na utani una mipaka yake inayojulikana. Mjukuu na bibi ni watani, kwa bibi unaweza kusema, "Bibi, mwanamume mzuri si ulishamchukua wewe?" naye atafurahi hadi kesho. Shangazi ana mamlaka juu ya ndoa yako, kwa hiyo mrudishie kwa heshima: "Shangazi, mshenga ni wewe, mimi nasubiri taarifa kwako." Kama wewe ni Mpare na anayeuliza ni Mchaga, au kinyume chake, uwanja ni wenu. Mtani anaruhusiwa hata msibani, ndiko anakoingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakapata kucheka katikati ya machozi. Ukiona watu wetu wameweka kicheko mpaka kando ya kaburi, utajua hakijawahi kuwa adui wa imani. Lakini baba, mama, mchungaji na wazee wa kanisa si watani wako. Hao wajibu kwa kifupi na ukweli: "Asante kwa kunijali, naomba mniombee," kisha uliza habari ya watoto wao. Na mwenzako wa rika asiye mtani, akiuliza kwa kejeli, una ruhusa ya kunyamaza.

Limebaki fungu la kumi. La 600,000 ni 60,000, la 426,000 ni 42,600. Hakuna mzee wa kanisa atakayedai hati yako ya mshahara, uamuzi ni wa dhamiri. Ushauri wetu ni uanze na 42,600. Ile ya NSSF hujaishika bado, ukija kuipokea utaitolea siku hiyo, na mkopo ni deni halali unalolipa. Andika kiasi hicho mwanzoni mwa daftari, kiweke kwenye bahasha siku mshahara unapoingia kabla hujanunua kitu, usikibadilishe kwa mwaka mzima. Kinachotesa vijana wengi ni kuamua upya kila mwezi: mwezi wa raha wanatoa 80,000, mwezi wa dhiki hawatoi kitu na wanaona aibu kwenda ibadani.

Zaidi ya hapo kuna mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, baada ya ibada, ambao unaujua. Tenga 5,000 ya noti ndogo, usizidishe. Kuku au mkungu wa ndizi ukishinda mfuko wako, jiungeni wanakwaya watano wa 3,000, mna 15,000 mkononi, mnainua mkono mmoja. Mkishinda, mnaweza kumrudisha kuku auzwe tena, au mkampelekea yule mama mwenyekiti kwa niaba ya vijana. Ila mkubaliane kabla bei haijaanza kupanda, na nani ndiye atakayeinua mkono. Wengine watulize mikono yao mpaka nyundo ya mwisho, hata kama wamemwona mtu wa kusalimia ng'ambo ya pili.